Mkia Lazima Utoke

Sisi wa Bugarika tunaishi juu ya mawe,
nyumba zimesimama kama mbuzi, kila moja na jabali lake,
na njia ya kupandia ni moja: ngazi mia na kitu.
Hakuna siri inayofika juu bila kusalimiwa.

Miaka kumi na tisa nimekaa dirishani na cherehani,
mguu unakanyaga, jicho linatembea.
Nimeona hivi: mtu akinunua dagaa,
dagaa hulala chini kabisa ya mfuko,
juu yao gazeti, juu ya gazeti mchicha,
juu ya mchicha uso usiotaka mazungumzo.
Lakini akinunua sato!
Mwanza nzima hakuna mfuko unaomtosha sato.
Mkia lazima utoke
uwapungie majirani.

Mwenye sato huchoka kila ngazi ya tano,
hasa penye mlango wenye watu.
"Habari za hapa? Jua la leo!"
Anatua mzigo, mkia akiuelekeza barazani.
Mwenye dagaa hachoki.
Mwenye dagaa ana mapafu ya mkimbiaji.

Halafu kuna karibu.
Ipo karibu ya kigoda na karibu ya mdomo,
hii ya pili husemwa huku mfuniko ukirudi sufuriani.
Nasi tumelelewa, tunajua jibu:
"Asante, nimetoka kula sasa hivi,"
tumbo likikanusha kwa sauti.

Bwana Lubango wa idara ya maji
alipanda na mkia Jumatatu, akapanda nao Jumatano.
Ijumaa mwanangu Doto akaninong'oneza:
"Mama, mbona huyu samaki ana mpasuko uleule?"
Nikamfinya. Jicho la fundi nalo analirithi!
Nikatoa kichwa nje: "Bwana Lubango, leo mmekula chumvi!"
"Kidogo kidogo, mama. Tunasukuma."

Mvua ya Machi haina adabu.
Ilimkuta ngazi ya sitini, mfuko wa kaki ukalegea,
ukaachia.
Mkia ukatangulia. Nyuma ya mkia, mgongo,
mifupa mitupu kama kitana.
Nyuma ya mifupa dagaa, nusu kilo,
wakitelemka na maji ngazi kwa ngazi
kama watoto waliofunguliwa shule.

Hapo ndipo nilipoujua ustaarabu wa mtaa wetu.
Mama Ng'wasi aliona wingu la ajabu upande wa Saanane.
Mwalimu Magesa alipata kokoto kiatuni, naye amevaa kandambili.
Mimi nilikuwa natunga uzi
kwenye sindano yenye uzi.
Watu kumi na mmoja, hakuna aliyeona kitu,
na usiku, mlangoni kwa Lubango, mabakuli manne:
"Kimebaki tu, kisije kikachacha."
Hakuna nyumba iliyobakisha kitu siku ile.

Msituseme vibaya.
Ziwa ni letu, lakini minofu hupewa wageni,
inapanda ndege bila hata kuaga.
Mwenyeji kaachiwa kichwa, akifikirie,
na mkia, auonyeshe.

Jumamosi nilishuka Mwaloni mwenyewe.
Nikapima dagaa, nikalipa, nikasitasita,
nikamwambia muuzaji, chini chini, kwamba nina paka.
Hakuniuliza paka gani.
Akavuta ndoo kutoka chini ya meza,
imejaa mikia hadi ukingoni, mikubwa, mizuri,
imepangwa kwa ukubwa.
"Mia mbili mbili," akasema. "Bugarika, sivyo?
Chukua huu mpana. Kule kwenu mnaonekana kwa mbali."

Nikapanda.
Ngazi ya tano nikachoka.